Tovuti ya chama imekwama: kutafuta kosa la WordPress kwa mega chache, Lubumbashi

Parokia, shule, ushirika wa akina mama au redio ya mtaa ikifungua tovuti hapa Lubumbashi, mara nyingi unakuta imejengwa kwa WordPress. Ni programu huru iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2003. Hailipiwi, na yeyote ana ruhusa ya kuisoma ndani na kuibadilisha. Ila haina ofisi ya kupigia simu. Siku tovuti inapokwama, anayetafutwa ni yule mtu wa chama anayejua kompyuta kupita wenzake. Mwongozo huu ni wake.

Utahitaji njia ya kuingia kwenye akaunti ya seva (nyingi zinatumia cPanel, yaani paneli ya kuiendeshea seva kwa kivinjari), simu au kompyuta, na mega (data ya intaneti) za kutosha kazi ya saa moja au mbili. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo yanavyoonekana kwenye tovuti nyingi za huku.

Uliza kwanza, gusa baadaye

“Site haifunguki” ni kilio, bado si habari. Kabla ya kugusa chochote pata maneno kamili yaliyo kwenye skrini, anwani ya ukurasa, saa kosa lilipoanza, na kitu cha mwisho kilichobadilishwa. Usimpe mwenzako maswali kumi kwa mpigo; ujumbe mmoja wa heshima unatosha:

“Mama, fungua tena ukurasa ule, piga picha ya skrini nzima pamoja na anwani iliyo juu, unitumie. Uko kwenye Airtel, Vodacom au Orange? Na tangu jana kuna mtu aliyebonyeza Mettre à jour?”

Swali la mtandao lina maana yake. Fungua tovuti mwenyewe kwa simu yenye laini ya kampuni nyingine, kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Ikifunguka kwako na kwake ikakataa, WordPress huenda ni nzima kabisa. Kampuni za simu huunganisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Mtu mmoja wa mtandao huo akikosea nenosiri mara nyingi, programu ya ulinzi ya tovuti au ya seva huifungia anwani hiyo, na wote walio nyuma yake wanabaki nje. Dawa ni kuifungua anwani hiyo kwenye orodha ya zilizozuiwa, kisha kupunguza muda wa kufungia kutoka siku nzima hadi dakika 15 au 20. Muda huo unatosha kumchosha mwizi, na haumwadhibu katibu wa chama kwa kosa la mtu asiyemjua.

Ikikataa kwenye mitandao yote, maneno ya kivinjari ndiyo yanakuelekeza. Kivinjari kikisema hakipati seva, tazama jina la tovuti: limekwisha muda, au DNS yake (inayoelekeza jina kwenye seva) imebadilishwa. Kikitoa onyo la usalama, tazama cheti cha usalama (cha https) na tarehe. Ukiona ukurasa wenye maneno ya WordPress yenyewe, au ukurasa mweupe, basi tatizo liko ndani ya programu, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo.

Nakala, hata kama tovuti tayari imevunjika

Tovuti iliyovunjika bado ina habari zote za chama, na mkono wa mtu mwenye haraka unaweza kuzifuta. Kwa hiyo nakala kwanza.

Kuna sehemu mbili, na moja bila nyingine haitoshi. Ya kwanza ni hifadhidata: maandishi yote, watumiaji, mipangilio. Ingia phpMyAdmin (chombo cha hifadhidata kilicho kwenye cPanel), chagua hifadhidata, bonyeza Exporter, muundo SQL. Ukichagua njia ya Personnalisée unaweza kuomba ibanwe kwa gzip. Hifadhidata ya chama kidogo ikibanwa kwa kawaida haizidi mega chache. Ya pili ni faili: folda ya wp-content, faili ya wp-config.php, na .htaccess. Hii ya mwisho imefichwa, kwa hiyo fungua faili-meneja (sehemu ya cPanel ya kushughulikia faili) uiweke ionyeshe faili zilizofichwa. Folda za wp-admin na wp-includes usipoteze mega kwazo, maana zinapatikana bure wakati wowote.

Kinachokula mega ni wp-content/uploads, yaani picha. WordPress huzipanga kwa mwaka na mwezi, kwa mfano uploads/2025/03. Pakua folda nzima mara moja tu, ukiwa mahali penye intaneti ya bei nafuu, kisha kila mwezi chukua folda ya mwezi uliopita peke yake. Kama huna mega leo, bana wp-content iwe zip palepale kwenye seva na uiache huko mpaka umalize kazi, lakini nje ya public_html, folda ambayo yaliyomo yanafikiwa kwa intaneti. Zip iliyoachwa ndani ya public_html inaweza kupakuliwa na yeyote anayekisia jina lake, na kama ina wp-config.php amepata nenosiri la hifadhidata yako.

“Erreur critique”, au ukurasa mweupe

Hili ndilo kosa linaloogopesha watu zaidi, na ndilo linalotengenezeka kwa uhakika zaidi. Maana yake ni kwamba msimbo wa PHP (lugha iliyoandikiwa WordPress) umesimama katikati. Chanzo karibu kila mara ni programu-jalizi (zile Extensions za kuongeza uwezo wa tovuti), mandhari (Thème), kumbukumbu iliyojaa, au toleo jipya la PHP lililowekwa na kampuni ya seva.

Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress hutuma barua pepe yenye kiungo cha dharura kinachokuingiza huku programu-jalizi mbovu ikiwa imezimwa. Kiungo hicho hudumu siku moja. Shida ni kwamba barua inakwenda kwenye anwani ya msimamizi iliyo Réglages, Général, na kwenye vyama vingi hiyo ni anwani ya kijana aliyejenga tovuti kisha akahama mji. Iangalie anwani hiyo leo, wakati tovuti bado inafanya kazi. Iwe ya chama, si ya mtu.

Barua isipofika, mwombe WordPress aseme kosa lake. Fungua wp-config.php kwenye faili-meneja, tafuta mstari wa WP_DEBUG, uubadilishe na kuongeza miwili, yote juu ya mstari unaosema “C'est tout, ne touchez pas à ce qui suit”:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Mstari wa kwanza usiuandike mara ya pili kama upo tayari. Badilisha neno false liwe true. Mstari wa tatu unazuia makosa yasionekane na wageni. Fungua upya ukurasa ulioharibika, kisha soma wp-content/debug.log kuanzia chini, kwa kuwa kosa jipya liko mwishoni.

Tahadhari kwa anayehariri kwa simu: kibodi za simu hupenda kugeuza alama ya nukuu iliyonyooka ( ' ) kuwa iliyopinda. PHP haiitambui iliyopinda, na kosa dogo linakuwa kubwa. Nakili mistari hiyo uibandike, au zima usahihishaji wa maandishi kwenye kibodi. Pia usiache nafasi wala mstari mtupu kabla ya <?php ya kwanza. Tovuti inaweza kuanza kulalamika kuhusu “headers already sent” na kukataa kuingiza watu.

Kwenye debug.log tafuta neno Fatal, kisha usome njia ya faili inayofuata. Ikiwa na wp-content/plugins/jina-fulani, umempata mshukiwa. Ikiwa na wp-content/themes, ni mandhari. Ukiona “Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted”, tovuti imemaliza mega 128 za kumbukumbu ilizopewa. Jaribu mstari huu kwenye wp-config.php:

define( 'WP_MEMORY_LIMIT', '256M' );

Seva nyingine zina kikomo chake na hazitausikiliza. Hapo rekebisha kwenye mipangilio ya PHP ya cPanel au waandikie kampuni ya seva. Hata hivyo jiulize kwa nini tovuti ya kutangaza misa na mikutano inahitaji mega 256. Mara nyingi jibu ni programu-jalizi moja ya kujengea kurasa iliyobeba mapambo ambayo hakuna anayeyatumia.

Ukiona create_function au each() kwenye kosa, msimbo huo ni wa zamani. Maneno hayo mawili yaliondolewa kwenye PHP 8.0, iliyotoka mwaka 2020. Kampuni ya seva imepandisha PHP, na programu-jalizi yako imebaki nyuma. Unaweza kurudisha PHP 7.4 kwa muda ili chama kipate tovuti yake Jumapili, lakini 7.4 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, kwa hiyo tafuta mbadala wa programu-jalizi hiyo ndani ya wiki, usiizoee.

Log ikikosa kusema kitu, tafuta kwa kugawa nusu. Badilisha jina la folda wp-content/plugins liwe plugins-zima. Tovuti ikirudi, kosa liko humo. Ingia kwenye dashibodi, fungua ukurasa wa Extensions ili WordPress ione hazipo na kuzizima zote, kisha rudisha jina la zamani la folda. Mipangilio yake haijapotea. Iko kwenye hifadhidata. Sasa washa nusu. Tovuti ikivunjika, mbovu iko kwenye nusu hiyo. Ikisimama, iko kwenye nusu nyingine. Programu-jalizi 16 zinakuhitaji majaribio manne hivi badala ya 16, na kila jaribio ni mega ulizookoa. Kuna hali moja inayopotosha: mbili zinagombana, na kila moja peke yake ni nzima. Basi ukishampata mshukiwa, mjaribu akiwa peke yake. Akifanya kazi vizuri, tafuta mwenzake.

Kama kuzima zote hakukusaidia, fanya vilevile kwa folda ya mandhari inayotumika, kisha fungua Apparence, Thèmes. WordPress itahamia kwenye mandhari ya msingi, kama Twenty Twenty-Four, mradi iwe imebaki kwenye folda. Ndiyo sababu usifute mandhari zote za msingi kwa ajili ya kuokoa nafasi, acha moja.

Ukimaliza rudisha WP_DEBUG kuwa false na ufute debug.log. Faili hiyo hukua bila kikomo na husomeka kwa yeyote anayejua anwani yake.

Sasisho lililokatika umeme ukiwa katikati

Umeme umekatika, modemu imezima, na kila mgeni anasoma kwamba tovuti iko kwenye matengenezo. WordPress huweka faili ya .maintenance kwenye folda kuu wakati wa kusasisha na kuiondoa ikimaliza. Ikikatizwa, faili inabaki. Baada ya dakika 10 WordPress yenyewe huacha kuitii, kwa hiyo kwanza subiri. Ujumbe ukiendelea kuonekana, futa .maintenance kwa faili-meneja, kisha futa kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa kwa muda).

Halafu uone kilichokatika kilikuwa nini. Tangu toleo la 6.3 la mwaka 2023, programu-jalizi ikishindwa kusasishwa kwa mkono, toleo la zamani hurudishwa. Kwenye tovuti za zamani kuliko hapo utakuta folda nusu tupu. Ifute folda hiyo moja na usakinishe upya. Kwa mji ambao umeme hauna ahadi, sasisha moja moja badala ya kuchagua zote na kubonyeza mara moja, na ufanye kwa simu yenye chaji badala ya kompyuta ya mezani isiyo na betri.

“Erreur lors de la connexion à la base de données”

PHP inafanya kazi lakini hifadhidata haijibu. Soma mistari minne ya wp-config.php: DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD, DB_HOST. Kwenye cPanel jina la hifadhidata na la mtumiaji huanza na jina la akaunti na mstari wa chini, kama chama_wp1. Anayehamisha tovuti husahau kiambishi hicho. DB_HOST mara nyingi ni localhost, lakini si kila kampuni.

Majina yakiwa sahihi, angalia nafasi ya diski. Diski iliyojaa huleta dalili zisizofanana hata kidogo: hifadhidata inakataa, picha hazipandi, barua pepe zinarudi, watu wanatolewa nje. Wanaojaza ni walewale: nakala za zamani zilizotengenezwa na programu-jalizi ya nakala na kubaki ndani ya wp-content, faili za error_log, na kache. Futa hizo kwanza.

Kama phpMyAdmin inaonyesha jedwali limeharibika, weka define( 'WP_ALLOW_REPAIR', true ); kwenye wp-config.php, ufungue /wp-admin/maint/repair.php, ubonyeze kurekebisha, kisha uondoe mstari huo mara moja. Ukurasa huo hauulizi nenosiri. Unasaidia zaidi majedwali ya aina ya MyISAM. Ya InnoDB yakiharibika, nakala yako ndiyo njia.

Ukurasa wa kwanza unafunguka, mengine 404 (haipatikani)

Ingia Réglages, Permaliens, usibadilishe kitu, bonyeza kuhifadhi. WordPress itaandika upya sheria zake kwenye .htaccess. Ikishindwa, ruhusa za faili si sawa: folda ziwe 755, faili 644. Ukiona mtu amekushauri 777, usimsikilize, maana hiyo inampa yeyote aliye kwenye seva ruhusa ya kuandika.

Tovuti ikizunguka bila kufika, ikirudi-rudi kati ya http na https, weka anwani mbili kwenye wp-config.php, WP_HOME na WP_SITEURL, zote zikianza na https na bila mkwaju wa mwisho.

Nenosiri limesahauliwa na barua haifiki

“Mot de passe oublié” hutegemea barua pepe, na barua pepe ya WordPress ni dhaifu isipopangwa. Kwa kuanzia, mwingize mtu. Kwenye phpMyAdmin fungua jedwali la wp_users (kiambishi cha mwanzo kinaweza kuwa kingine, kimeandikwa kwenye wp-config.php, mstari wa $table_prefix). Bonyeza Modifier kwenye mstari wake. Kwenye user_pass chagua MD5 katika safu ya Fonction, andika nenosiri jipya la muda, bonyeza Exécuter. Akishaingia, WordPress hulihifadhi upya kwa njia iliyo imara zaidi. Hata hivyo alibadilishe, kwa sababu wewe unalijua.

Sasa tengeneza barua yenyewe. WordPress ikiachwa ilivyo hutuma kwa jina la wordpress@ na tovuti yako, kupitia seva inayoshirikiwa na mamia ya tovuti nyingine, na Gmail huitilia shaka. Tangu Februari 2024 Gmail inadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, alama za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli. Fungua sanduku la kweli kwenye cPanel, weka programu-jalizi ya SMTP (ya kutuma barua kupitia sanduku hilo), mlango 587 na TLS, au 465 na SSL. Kwenye DNS hakikisha kuna rekodi ya SPF, na iwe moja tu. Rekodi mbili za SPF haziongezi nguvu. Zinabatilishana na barua zote zinahesabika kuwa na kosa. Kama unatuma kupitia huduma mbili, ziunganishe ndani ya mstari mmoja.

Picha zinazokataa kupanda

Simu ya kawaida hupiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, mega 3 hadi 6. PHP ikiachwa na mipangilio yake ya asili hupokea faili isiyozidi mega 2. Unaweza kupandisha upload_max_filesize hadi 8M na post_max_size hadi 16M (ya pili lazima iwe kubwa kuliko ya kwanza), lakini tiba bora ni kupunguza picha kabla ya kuituma: upana wa pikseli 1200, JPEG, kilobaiti 100 hadi 200. Picha inapanda kwa haraka hata mtandao ukiwa mzito jioni.

Kuna faida ya pili. Kila picha kubwa inayopanda, WordPress huitengenezea saizi kadhaa: 150, 300, 768, 1024, 1536, 2048, na tangu toleo la 5.3 nakala ya 2560 yenye neno scaled. Faili moja inakuwa saba au nane. Ndivyo diski ya chama inavyojaa bila mtu kuelewa kwa nini. Na fikiria msomaji wa komuni ya Ruashi anayenunua mega kidogo kidogo: ukurasa wa picha kumi za kilobaiti 400 unamla mega 4 kwa tangazo moja la mkutano. Huyo ndiye tovuti ilijengewa.

Tangazo lililopangwa halikutoka

Katibu amepanga tangazo litoke Jumapili saa 12 asubuhi, na saa 3 bado halipo. Kuna sababu mbili, na zinaweza kuja pamoja.

Ya kwanza ni ukanda wa saa. Réglages, Général, Fuseau horaire: chagua Lubumbashi. Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Watu wa Goma na Bukavu nao wachague Lubumbashi, maana saa yao ni hii hii. Kosa lenye ujanja ni tovuti iliyoachwa kwenye Bruxelles au Paris. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa zao zinalingana na zetu, kila kitu kinaonekana sawa. Halafu wanarudisha saa nyuma, na matangazo ya chama yanaanza kuchelewa saa moja bila mtu kugusa chochote.

Ya pili ni kwamba WordPress haina saa ya kengele. Kazi zilizopangwa hufanywa pale mgeni anapofungua ukurasa. Tovuti kubwa haioni tofauti, lakini tovuti ya parokia usiku haina mgeni hata mmoja. Weka define( 'DISABLE_WP_CRON', true ); kwenye wp-config.php, kisha kwenye cPanel, sehemu ya kazi za cron, weka amri hii kila dakika 15:

wget -q -O /dev/null https://jina-la-tovuti/wp-cron.php

Fanya yote mawili. Ukiweka mstari wa kwanza ukasahau wa pili, hakuna tangazo litakalotoka kabisa.

Cheti na jina

Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90 na kwa kawaida vinajisasisha vyenyewe. Vikishindwa, mara nyingi DNS imeelekezwa mahali pengine. Lakini kabla ya kulaumu seva, mwulize mwenye onyo la usalama: “Papa, kompyuta yako inaonyesha tarehe gani?” Kompyuta ya zamani iliyokufa betri ndogo ya ndani, CR2032, hurudi nyuma miaka kila umeme unapokatika, na kwa kompyuta iliyo kwenye mwaka wa zamani kila cheti bado hakijaanza kazi. Betri hiyo hubadilishwa kwa dakika tano, na tovuti haina kosa.

Jina likikwisha muda, haraka ni muhimu. Kwa majina ya .com na .org, mwenye jina mara nyingi hupewa siku kadhaa za kulipa kwa bei ya kawaida. Zikipita kuna siku 30 za kulikomboa kwa bei kubwa zaidi, kisha siku tano, halafu jina ni la yeyote. Majina ya .cd yana utaratibu wao, waulize waliokuuzia. Hakikisha akaunti ya jina ina barua pepe ya chama na inajulikana na watu wawili walau. Programu ikiharibika tunaitengeneza. Jina lililochukuliwa na mwingine huwezi kulitengeneza.

Tovuti inapeleka watu kwenye kamari

Mgeni akibofya kwenye Google anapelekwa kwingine, ilhali wewe ukiandika anwani mwenyewe unaona tovuti nzima. Hiyo ni dalili ya kuvamiwa. Wavamizi hujificha kwa msimamizi. Chukua nakala ya hali ilivyo, kisha fuata mpangilio huu bila kuruka. Kwa kompyuta safi badilisha nenosiri la cPanel, la hifadhidata na la wasimamizi wote. Kwenye orodha ya watumiaji ondoa kila Administrateur usiyemjua. Futa folda za wp-admin na wp-includes nzima na uweke mpya kutoka kwenye zip ya wordpress.org ya toleo lilelile. Ukibonyeza Réinstaller pekee, faili ngeni zilizopandikizwa humo zinaweza kubaki. Futa kila programu-jalizi na mandhari, usakinishe upya kutoka chanzo chake. Ndani ya uploads tafuta faili zenye mwisho wa .php: hapo ni mahali pa picha, na faili ya PHP yenye msimbo humo ichukulie kuwa mgeni mpaka ithibitike vinginevyo. Soma .htaccess na wp-config.php mstari kwa mstari. Mwisho badilisha zile funguo nane za siri za wp-config.php, zinazoanza na AUTH_KEY. Wote waliokuwa ndani, pamoja na mvamizi, watatolewa.

Mlango wa uvamizi mara nyingi ni mandhari ya kulipia iliyovunjwa kufuli na kupitishwa kwa flash disk au Telegram. Anayeivunja hafanyi kazi hiyo bure. Kwenye hazina ya WordPress kuna mandhari na programu-jalizi maelfu zisizolipiwa; chukua huko.

Ukishindwa, omba msaada hivi

Fungua Outils, Santé du site, kichupo cha Infos, bonyeza nakili. Maandishi hayo yana toleo la WordPress, la PHP, programu-jalizi zote na mandhari. Ongeza maneno kamili ya kosa, ulichojaribu na matokeo yake. Kabla ya kutuma yasome, ufute njia za folda na jina la mtumiaji wa hifadhidata. Nenosiri usilitume kwa yeyote, hata kwa WhatsApp ya yaya (kaka au dada mkubwa) unayemwamini. Simu hupotea na mazungumzo hubaki. Anayehitaji kuingia mfungulie akaunti yake ya muda.

Na wapange watu kwa kazi zao. Katibu anayeandika matangazo awe Éditeur: anaandika, anasahihisha na kuchapisha kila kitu, lakini hawezi kusakinisha wala kufuta programu-jalizi. Wasimamizi wawili wanatosha. Akaunti ya muda ya aliyekuja kusaidia iondoe siku hiyohiyo kazi inapoisha, na WordPress ikikuuliza maandishi yake yaende wapi, chagua kuyahamishia kwa msimamizi, usichague kuyafuta.